Chumvi ya Watu Wawili

"Rovu ni la watu wa milimani, mwanangu. Sisi wa pwani twala samaki!" Maneno kama haya husikika Jangwani, mama mkwe na mke wa mwanawe wanapokwenda Kariakoo kununua chumvi. Je, ni kweli? Yafaa tuyapime, maana mke huyo akiwa mjamzito, chumvi ile ni ya watu wawili.

Mbele ya koo pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iitwayo thairoidi. Hutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo na kukua kwa ubongo. Bila madini joto haiwezi kazi hiyo.

Mimba inapoingia, kazi huzidi. Homoni itokayo katika kondo la nyuma huichochea tezi, hasa miezi mitatu ya kwanza. Mama huhitaji homoni za tezi karibu nusu zaidi ya kawaida, na figo zake hupoteza madini joto mengi zaidi katika mkojo. Mwenye afya huyamudu hayo bila kujua. Ndiyo sababu damu ya mjamzito hupimwa kwa vipimo vyake: lililo la kawaida kwake, kwa mwingine laweza kuonekana ugonjwa.

Na mtoto je? Majuma 12 ya kwanza tezi yake bado haijaanza kazi. Homoni za kuujenga ubongo wake zatoka kwa mama tu. Mama akipungukiwa sana, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili nzito, wala hapana dawa ya kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lataka mjamzito apate mikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Mtu mzima mwingine zamtosha 150.

Turudi kwa mama mkwe. Juu ya samaki amesema kweli: wa baharini wana madini joto. Lakini chumvi ya bahari ikikaushwa juani hubakiwa na kidogo mno. Mwaka 2001 watoto wa shule walipopimwa Unguja na Pemba, visiwa vilivyozungukwa na bahari, rovu lilionekana, na Pemba zaidi.

Tangu miaka ya 1990 kanuni za Tanzania zataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Basi, mama, usichukue chumvi ya fungu usiyoijua. Tafuta pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Usiongeze chumvi kuliko desturi. Madini joto yakizidi mno nayo hudhuru.

Ukiwa na uvimbe shingoni, au watumia dawa za tezi, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe.

Nanyi akina baba, mkitumwa sokoni, someni pakiti.