Uvimbe wa kidole: weka wembe chini!

Je, kidole chako cha mguu kimeota kinundu kigumu kinachouma ukivaa kiatu? Mara nyingi hiyo ni sugu, nayo huletwa na viatu vinavyobana. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, kisha vaa viatu vyenye nafasi mbele. Usiikate kwa wembe.

Dole gumba likivimba ghafla usiku na kuwaka moto, huenda ni jongo. Mwone daktari akupe dawa.

Mwenye kisukari asijitibu kamwe. Miguu yake huweza kufa ganzi asihisi kidonda, na kidonda kikioza huenda mguu ukakatwa. Aende kliniki mapema.