Vinyama vya Ngozi na Hofu ya Saratani ya Ndani

Watu wazima wengi wa Mbeya na Iringa wana vidutu vyeusi mashavuni na pembeni mwa macho, vidogo kama punje za ulezi, visivyouma wala kuwasha. Hurithiwa katika ukoo, huongezeka na umri, na havigeuki kuwa saratani. Hata hivyo, hofu kwamba vinyama vya namna hii hutangaza saratani ya tumboni haikuzuka hewani. Vitabu vya udaktari vinaitaja dalili iliyopewa majina ya wapasuaji wawili wa karne ya 19, Edmund Leser wa Ujerumani na Ulysse Trélat wa Ufaransa: vinyama vya uzeeni huchomoza ghafla, kwa wingi, mgongoni na kifuani mwa mtu mwenye saratani ndani ya mwili.

Naona dalili hiyo imepewa uzito kuliko ushahidi wake. Vinyama hivyo huja na uzee, na saratani nyingi pia huja na uzee, kwa hiyo kukutana kwenye mwili mmoja si ajabu. Mwaka 1992 watafiti wa Sweden waliochunguza wagonjwa zaidi ya 1,700 wenye vinyama hivyo hawakuona kwamba waliotokwa navyo ghafla walikuwa na saratani zaidi kuliko wenzao. Atakayepinga atasema wapo wagonjwa waliogunduliwa saratani kwa njia hiyo. Wapo, lakini baadhi yao walikuwa na mengine ya kutia shaka: kukonda, kukosa hamu ya kula, au ngozi ya kwapani kuwa nene na nyeusi. Basi cha kuangaliwa ni hali ya mwili mzima, si idadi ya vidutu.

Huku Nyanda za Juu Kusini kuna alama nyingine inayostahili hofu hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Panapo VVU ndipo saratani ya Kaposi hupata nafasi. Huanza na mabaka au vinundu vya zambarau, ambavyo kwenye ngozi nyeusi huonekana kahawia iliyokolea, mara nyingi miguuni au kwenye kaakaa. Haviumi, ndiyo maana hudharauliwa, ilhali ugonjwa huohuo unaweza kuwa umeshafika mapafuni na kwenye utumbo. Ukiviona, usivikate kwa wembe wala kuvichoma kwa dawa. Nenda kituo cha afya ukavionyeshe, na upime VVU. Kipimo hicho ni bure katika vituo vya serikali.