Karo inatoka Likoni, yuniti zinachaguliwa Kampala

Wiki ya kwanza ya semista tunaijua bila kuangalia kalenda. Kwa maajenti wetu wa Likoni, kuanzia pale feri mpaka Mtongwe, wazazi huanza kuja mapema na karatasi mkononi, na swali la kwanza ni lilelile kila mwaka: "Mwanangu, hii itafika Uganda leo?" Itafika, hilo si gumu. Gumu ni swali la pili ambalo wengi hawaulizi: hizo pesa zinaenda kununua nini hasa?

Semista iliyopita mama mmoja aliliuliza. Anauza mahamri na mbaazi Mtongwe, na binti yake yuko mwaka wa tatu wa sheria katika chuo kimoja cha Kampala. Alifika dukani simu iko sikioni, binti bado yuko hewani.

"Anasema nafasi imebaki moja na yuniti ni mbili," akamwambia ajenti wetu. "Kuna sheria ya bahari na kuna sheria ya kazi. Mimi namwambia, sisi watu wa Likoni, tukitoka nje tunaona meli, tukivuka feri tunaona meli. Si asome bahari?"

"Mama, mimi kazi yangu kutuma pesa tu," kijana akamjibu. Lakini hakuishia hapo, akatupigia simu ofisini. Nasi tukaona haya kidogo, maana miaka yote hii tumekuwa tukifundisha wateja wetu namna ya kutuma karo, na hata siku moja hatujawahi kusema lolote kuhusu kile karo inacholipia. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na huyo binti, kwa sababu kesi yake inaeleza mengi.

Hapa Kenya mtu hawi wakili kwa digrii pekee. Baada ya digrii kuna mafunzo ya uwakili katika Chuo cha Sheria cha Kenya, kilichoko Karen, Nairobi. Aliyesomea nje ana mlango mwingine wa kupita kwanza: Baraza la Elimu ya Sheria, lile linaloitwa CLE, ambalo liko chini ya Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012. Baraza hukaa na karatasi yake ya matokeo, likaangalia yuniti moja baada ya nyingine. Linachotafuta ni masomo 16 ya msingi, yaliyotajwa katika kanuni zake. Kuna utafiti wa kisheria, mifumo na mbinu za sheria, mikataba, madhara, jinai, ushahidi, katiba, sheria ya utawala, familia na urithi, mali, amana, biashara, kampuni na ushirika wa kibiashara, falsafa ya sheria, sheria ya kimataifa, na sheria ya kazi.

Soma tena hiyo ya mwisho. Sheria ya kazi imo. Sheria ya bahari haimo.

Chuo cha Kampala hakijakosea popote. Kimepanga masomo yake kwa kufuata matakwa ya Uganda, na huko yuniti fulani inaweza kuwa ya kujichagulia ilhali kwetu ni ya lazima. Mwanafunzi wa Kiganda aliyekaa dawati la pili anaweza kuiruka na maisha yakaendelea. Wa kutoka Likoni akiiruka, siku ya kurudi ataambiwa kuna pengo, na pengo huzibwa kwa kusoma yuniti hiyo upya hapa nchini katika chuo kinachotambuliwa na Baraza. Yaani karo nyingine, na pengine chumba cha kupanga Nairobi, huku wenzake aliomaliza nao wameshaanza Karen. Yote hayo kwa sababu ya kubofya mahali pasipo katika dakika tano za kusajili masomo.

Jambo la pembeni, lakini la muhimu kwa mzazi ambaye mtoto bado hajaondoka: Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya 2012 inataja pia matokeo ya KCSE, wastani wa C+ pamoja na B kwa Kiingereza ama Kiswahili. Namna ya kuisoma sheria hiyo imezua kesi mahakamani si mara moja. Kama mtoto hakufikia alama hizo, ulizia msimamo wa sasa kabla hujauza shamba. Hakuna yuniti ya Kampala itakayobadilisha cheti cha kidato cha nne.

Sheria tumeipigia mfano kwa sababu orodha yake iko wazi, unaweza kuishika mkononi. Fani nyingine pia zina walinzi wa mlango. Daktari aliyesomea nje huenda kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na hufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kuingia mazoezi ya hospitali. Wauguzi wana baraza lao, wahandisi wana bodi yao, wafamasia vilevile. Kwa digrii ambazo hazina bodi, kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na kuna KNQA iliyoundwa kwa sheria ya 2014; hao hushughulika na vyeti vya nje, vitambuliwe ama visitambuliwe. Andika barua pepe, uliza swali moja, weka jibu. Tunasema weka jibu kwa maandishi, si "rafiki yake alisema iko sawa". Rafiki yake hatakuwepo siku ya dirishani.

Na usiulize jina la chuo peke yake. Chuo kinaweza kuwa kikubwa na kinatambulika, kozi fulani ndani yake ikawa haijakubaliwa na bodi ya huku. Uliza chuo, uliza kozi, kisha pata orodha ya yuniti za lazima na umtumie mtoto. Piga picha, tuma. Akae nayo kwenye simu, kila semista ailinganishe na ile ya chuo chake.

Watoto wa bara hii yetu hawaendi Kampala pekee. Kisauni ina vijana wengi waliopitia Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kile cha Mbale kilichofunguliwa 1988, na siku hizi utasikia Uturuki, India na Malaysia. Kila mahali pana hesabu yake, na hesabu hiyo inagusa mfuko.

Uturuki, kwa mfano. Anayepata ufadhili wa serikali ya huko kwa kawaida huanza na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Mzazi aliyepiga bajeti ya miaka minne ya pesa za matumizi anashtuka kuona ni mitano. Ulaya masomo hupimwa kwa alama zinazoitwa ECTS, 60 kwa mwaka, yaani 30 kila semista. Kijana akichukua 20 kwa sababu masomo ni mazito, zile 10 hazipotei hewani, zitamngoja mwisho wa safari na kodi ya nyumba ya miezi ya ziada. Na Marekani kuna la hatari zaidi: mwenye viza ya mwanafunzi wa digrii ya kwanza anatakiwa kubeba saa 12 za masomo kwa semista, zisipungue. Sasa fikiria baba wa Changamwe anayefanya kazi bandarini, amechelewa kutuma, na mtoto anaamua kuacha yuniti moja "ili bili ipungue". Alikuwa na 12, zimebaki tisa. Bili imepungua kweli, na viza imeingia matatani. Kabla ya kuacha chochote, aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, ndipo aguse kompyuta.

Haya, tuje kwenye pesa, maana huko ndiko sisi tunakokujua zaidi.

Vyuo vingi hukupa siku chache mwanzoni mwa semista za kuongeza ama kuacha yuniti. Ndani ya siku hizo, ukiacha somo hulipi, ama unarudishiwa. Zikipita, pesa zimekwenda hata kama mtoto hakuhudhuria darasa hata moja. Kwa hivyo tarehe ya kuuliza si ile ya mwisho ya kulipa karo. Ni ya mwisho ya kubadilisha yuniti, na mara nyingi hii hutangulia ama zinakaribiana mno. Mwambie mtoto akutumie tarehe zote mbili. Wazazi wengi tunaowahudumia wanaijua moja tu.

Halafu kuna bei ya pesa yenyewe. Wengi wenu mnakumbuka Januari 2024 dola ilipogonga karibu shilingi 160. Kabla mwaka huo haujafika katikati ilikuwa imeshuka hadi kama 130. Chukua bili ya dola 1,500. Kwa 160 ni shilingi 240,000. Kwa 130 ni 195,000. Hiyo ni tofauti ya 45,000 kwa bili ileile, chuo kilekile, mtoto yuleyule. Hatuwezi kukwambia dola itakwendaje, na anayekwambia anajua anakuuzia kitu. Tunachoweza kukwambia ni kwamba aliyelipa kidogokidogo, pale chuo kinaporuhusu, haumizwi yote kwa siku moja mbaya. Uliza chuo kama kinakubali mafungu. Vingi vinakubali, ila havitangazi.

Kumbuka pia vikomo vya simu. Muamala mmoja mwisho ni shilingi 250,000, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Kwa karo ya Uganda mara nyingi hapo hakuna shida. Kwa ya Uingereza utahitaji siku zaidi ya moja, ama benki. Usingoje saa kumi jioni ya siku ya mwisho ndipo ugundue. Foleni ya ajenti jioni ya Ijumaa mnaijua wenyewe.

Na hili tunaomba mlisome polepole. Kila msimu wa kusajili masomo hutokea mtu anayejiita wa ofisi ya udahili. Anampigia mzazi, anajua jina la mtoto na kozi, anasema nafasi za yuniti zinaisha na kuna namba ya kutuma haraka. Chuo kinaposajili mwanafunzi, mfumo wake humpa namba ya malipo yake mwenyewe, na malipo huingia kwa jina la chuo. Ukiona kwenye simu jina la mtu binafsi kabla hujaweka namba ya siri, simama hapo hapo. Mpigie mtoto. Hata kama ni usiku, hata kama yuko darasani. Tumeshakaa na wazazi waliotuma kwanza wakapiga baadaye, na mara nyingi kufikia hapo pesa zilikuwa zimeshatolewa. Tukiripotiwa mara moja tunaweza kujaribu kuzizuia. Baada ya saa mbili tatu, tunabaki kupeana pole.

Kuna wazazi huona kuchagua masomo ni mambo ya wasomi, wao kazi yao kutoa pesa. Sisi hatukubaliani nao. Mama wa Mtongwe hakusoma sheria, lakini ndiye aliyefanya swali hili lifike kwetu, kwa kuwa alitaka kujua kabla ya kutuma. Lakini pia hatusemi mzazi amchagulie mtoto. Alichotaka mama kilikuwa bahari, na bahari haikuwa jibu, angalau si kwa nafasi ile moja. Mwenye kusoma ni binti, na anayejua kama anataka kurudi kufanya uwakili Mombasa, ama kubaki Kampala, ama kuingia kampuni ya meli ambako hakuna atakayemdai karatasi ya Karen, ni yeye. Orodha ya yuniti 16 ina maana kwa anayetaka kurudi kuwa wakili. Asiyetaka anaweza kuchagua kwa moyo wake. Kwa hivyo kabla ya orodha kuna mazungumzo, na hayo yafanyeni likizo, mmekaa barazani na kikombe cha chai, si wakati dirisha la usajili limebakisha saa sita.

Binti alikuwa anataka kurudi. Tulimtumia majina ya masomo yale 16, akayapanga na yake, akakuta 11 ameshayamaliza, manne yamo kwenye ratiba ya semista zilizobaki, na moja halimo popote isipokuwa kwa kujichagulia. Lilikuwa sheria ya kazi. Akalichukua. Kwa ile ya bahari alimwendea mhadhiri mwenyewe, akaomba akae darasani asikilize bila kufanya mtihani, na akakubaliwa.

Mama alirudi kwa ajenti siku ya kulipa. Alisoma jina la chuo kwenye simu kwa sauti, herufi kwa herufi, kabla ya kuweka namba ya siri. Kisha akauliza:

"Na hilo la bahari, la kukaa tu, wanalipisha?"

"Hapana mama, hilo ni bure."

"Basi mwambieni akae mbele."