Je, Ufundi Waweza Kunakiliwa kwa Macho?

Mwaka 1980 kampuni ya Marvel ya Marekani ilimwingiza katika vitabu vyake vya hadithi za picha mwovu aitwaye Taskmaster. Uwezo wake ni wa ajabu: akimtazama mtu akipigana, akilenga shabaha au akiruka sarakasi, papo hapo huweza kufanya vivyo hivyo. Je, fizikia yaliruhusu jambo hilo?

Swali hili laweza kupimwa kwa kazi ya mfinyanzi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa mkoani Mbeya. Huko wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono. Mtazamaji makini aweza kukumbuka mahali vidole vilipogusa, vilikoelekea na kasi yake. Yote hayo ni mwendo, na mwendo huonekana. Lakini kani ya kidole juu ya udongo haina rangi wala umbo. Kidole kikibonyeza mno, ukingo huporomoka. Kikibonyeza kidogo, chungu hubaki kinene. Kiasi kinachofaa huhisiwa na ngozi na misuli ya mfinyanzi mwenyewe.

Kikwazo cha pili ni mwili. Kwa mujibu wa kanuni ya pili ya Newton, kani ni tungamo mara mchapuko. Mtu wa kilo 80 akitaka kuiga mwendo wa mtu wa kilo 40 kwa mchapuko uleule, hana budi kutumia kani maradufu. Hivyo amri ambayo ubongo wa mmoja huipelekea misuli yake haimfai mwingine mpaka irekebishwe, na marekebisho hayo hupatikana kwa kujaribu na kukosea.

Hata hivyo, mtunzi wa hadithi hakupotoka kabisa. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, walieleza kuwa katika ubongo wa nyani wa jamii ya makaki zimo seli za neva zinazoamka mnyama ashikapo kitu, na pia amwonapo mwingine akikishika. Kutazama, basi, si kazi bure: humwonyesha mwanagenzi lengo la kazi na mpangilio wa hatua zake.

Ushahidi wa kale upo Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini Iringa kwenye barabara iendayo Mbeya. Shoka za mkono za mawe zilizopatikana hapo zinakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Umbo lake lilirudiwa na mafundi wengi. Lakini anayelishika jiwe hilo leo huona umbo tu. Uzito wa pigo lililolichonga hauonekani. Ufundi ukikosa mikono ya kuurithi, picha pekee haitaurejesha.

Jaribio kwa wanafunzi

Chukua makopo mawili yanayofanana, yenye vifuniko. Moja liache tupu. Jingine lijaze mchanga. Mwanafunzi mmoja ayainue kwa mwendo uleule, kisha mwenzake aliyekuwa akitazama ayainue bila kuambiwa lipi ni zito. Mara nyingi mkono wake utaruka juu kwa kopo tupu na kukwama kwa lililojaa.

Funzo lake lahusu pia maabara. Mwanafunzi aliyemtazama mwalimu akifungua koki ya bureti ameziona hatua. Kuusimamisha mmiminiko kwenye tone linalotakiwa atajifunza pale tu atakapoishika koki hiyo mwenyewe.