Boya la Umeme: Mlinzi wa Pampu na Tangi la Maji

Katika miji ya Afrika Mashariki kama Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambako maji ya bomba katika maeneo mengi huja kwa mgao, nyumba nyingi huwa na matangi mawili: la chini, linalopokea maji hata presha inapokuwa ndogo, na la juu, linalokaa kwenye mnara au paa ili maji yashuke yenyewe hadi jikoni na bafuni. Kati ya matangi hayo hukaa pampu, na kazi ya kuiwasha na kuizima, ikiachwa mikononi mwa mtu, huharibika kwa namna mbili. Mtu akisahau kuizima, tangi la juu hufurika. Akiiwasha bila kujua kwamba tangi la chini limekauka, pampu huzunguka bila maji. Pampu inayosukuma lita 40 kwa dakika, ikisahauliwa saa moja baada ya tangi kujaa, humwaga lita 2,400. Na pampu inayozunguka kavu hukosa maji ya kuipoza sili yake, yaani kizibo kinachozuia maji yasipenye kwenye mhimili wa mota, hivyo sili hiyo huungua na kuanza kuvuja.

Boya la umeme, ambalo hubuniwa kuzuia hasara hizo mbili, halina budi kutofautishwa na koki ya boya iliyozoeleka, ambayo mkono wake huinuka pamoja na maji na kuubana mlango wa bomba. Koki huzuia maji yenyewe, ilhali boya la umeme huruhusu au hukata mkondo wa umeme unaokwenda kwenye pampu. Ni kasha la plastiki lililozibwa pande zote, jepesi kuliko maji, lenye swichi ndogo na gololi ya chuma ndani yake. Kasha likiinama upande mmoja gololi huviringika na kuibonyeza swichi, na likiinama upande wa pili huiachia. Maboya ya zamani yalitumia zebaki badala ya gololi, lakini kwa kuwa zebaki ni sumu, swichi za aina hiyo zimo katika orodha ya bidhaa ambazo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliamua zikomeshwe.

Thamani ya chombo hiki imo katika nafasi iliyopo kati ya kiwango cha kuwasha na kiwango cha kuzima. Kebo ya boya hufungwa kizito, na urefu wa kebo kutoka kwenye kizito hicho hadi kwenye boya ndio unaoamua boya lisafiri umbali gani kabla ya kugeuka. Katika tangi lenye kipenyo cha mita 1.3, tofauti ya sentimita 30 hubeba takriban lita 400, na pampu iliyotajwa huhitaji kama dakika 10 kuzirudisha. Fundi akiifupisha kebo mno, pampu itawaka na kuzimika kila bomba linapofunguliwa, na mota, ambayo hupata joto zaidi inapoanza kuliko inapoendelea kuzunguka, itaharibika mapema.

Nyumba yenye matangi mawili huhitaji maboya mawili yaliyounganishwa kwa mfuatano, yaani umeme ulipite la kwanza ndipo ufike la pili. Boya la juu huruhusu umeme linapokuwa limening'inia na kuukata linapoelea. La chini hufanya kinyume, likiruhusu umeme pale tu ambapo maji yapo. Maboya mengi huwa na waya tatu, mmoja wa pamoja na mbili za kuchagulia kazi hizo, na kwa kuwa rangi zake hutofautiana kati ya watengenezaji, ni lazima zipimwe kwa mita, kwani waya ukikosewa pampu itawaka tangi likiwa limejaa. Mpangilio huu una hekima ya pekee: kebo yoyote ikikatika, umeme hukatika na pampu husimama.

Hata hivyo, kuna hitilafu moja ambayo mpangilio huo hauizuii. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja, sawa na wati 746, huvuta takriban ampea 5 hadi 6 katika umeme wa nyumbani, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho, na cheche za mwanzo huo zinaweza kuvigandisha vikutanisho vya swichi, pampu ikakataa kuzimika. Ndiyo maana ni bora boya liamuru kontakta, swichi kubwa inayofungwa kwa nguvu ya sumaku, ili kontakta ndiyo ibebe mzigo wa mota. Mzunguko wa boya ukiwa wa volti 12 au 24, kebo iliyochubuka ndani ya maji haitakuwa hatari kwa maisha. Ukibaki kwenye volti 230, waya wa ardhi na kifaa cha kukata umeme unapovuja ampea 0.03 ni vya lazima.

Wapo wanaotamani kudhibiti kwa umeme hata maji yanayoingia tangi la chini, kwa valvu ya solenoidi, ambayo hufunguliwa na koili inayogeuka sumaku. Valvu nyingi za aina hiyo hutegemea presha ya maji yenyewe ili zifunguke, na tundu lao dogo huzibwa kwa urahisi na mchanga. Kwa maji ya mgao, yenye presha hafifu na tope la mara kwa mara, koki ya boya ya kawaida inafaa zaidi.

Boya lisiwekwe karibu na mdomo wa bomba linaloingiza maji wala mahali linapoweza kunasa ukutani, na katika kisima kirefu chembamba, ambamo halina nafasi ya kugeuka, elektrodi za kupima maji zitumike badala yake. Bomba la kufurikia lisizibwe kamwe, kwa kuwa ndilo kinga ya mwisho. Kila mwezi mwenye nyumba, akiwa amezima umeme kwanza, na asafishe utelezi uliogandamana kwenye boya. Kisha aurudishe umeme, aliinue boya la juu kwa kijiti kikavu cha mbao pampu ikiwa inafanya kazi, na asikilize kama pampu inazimika. Jaribio hilo la dakika moja lina gharama ndogo kuliko pampu mpya, na maji yanayookolewa ni yale yale ambayo mtaa mzima unayasubiri.