Gari Lililogongwa Haliponi kwa Rangi

Gari jipya likigongwa, wengi huuliza swali moja tu: gereji ipi ni nafuu? Swali hilo halitoshi. Chuma cha magari ya leo si kile cha zamani. Nguzo za milango mara nyingi huundwa kwa chuma kigumu mno, ambacho kikichomwa moto ili kinyooshwe hupoteza nguvu yake. Nyuma ya bampa na kioo cha mbele huweza kuwamo sensa na kamera zinazoamuru breki. Zikiondolewa, hazina budi kupimwa upya. Mfuko wa hewa nao ukishafumuka hautumiki tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kukabidhi ufunguo, uliza: Je, fundi anao mwongozo wa kiwanda? Anacho chombo cha kupimia bodi? Atatoa orodha ya vipuri na dhamana ya kazi kwa maandishi? Mwenye bima kubwa naye asinyamaze eti kwa kuwa kampuni ndiyo inayolipa. Atakayepanda ni yeye na wanawe, na barabara ni ya watu wote. Rangi huficha kosa, haiokoi roho. Rahisi ghali.