Karte ine juu ya mkeka



Siku ya Mungu iliyopita tulikutana kwa likelemba kama kawaida. Kila mmoja alitoa feza yake, mtunza feza akaandika, na zamu ilikuwa ya mama mmoja anayeuza bunga karibu na njia ya reli. Alipokea fungu lake, akahesabu, lakini hakufurahi. Tukamwuliza kuna nini. Akafungua kitambaa alichofunga kiunoni, akatoa karte yake ya uchaguzi ya mwaka 2023 na kuiweka juu ya mkeka. Picha imebaki kama kivuli. Jina halisomeki tena. Mtoto wake aliye Kolwezi alimtumia feza kwa simu, na mahali alipokwenda kuitoa walimwambia: "Mama, hii karte haina mtu."

Tulicheka kwanza. Halafu kila mmoja akaanza kutafuta ya kwake katika sakoshi.

Wenye kuishi Kongo wanajua kwamba karte hii si ya kura tu. Wengi wetu hatuna kitambulisho kingine. Ni kwayo tunanunua namba ya simu, tunapita kwenye vizuizi vya njia, tunatoa feza. Zile za 2023 nyingi zilianza kufutika hata mbele ya siku ya uchaguzi, na tarehe 20 Desemba 2023 watu walisimama kwenye mistari wakiwa na kipande cha plastiki kisicho na jina.

Nkambo wetu, mzee kuliko sisi wote, alifungua mfuko wake na kupanga karte ine juu ya mkeka: ya 2005, ya 2011, ya 2017 na ya 2023. Namna gani alibaki nazo zote, tusimwulize. Ya kwanza ndiyo inasomeka vizuri kuliko zingine.

Likelemba ikaisha, lakini hakuna aliyesimama. Tuliongea mpaka giza. Tunaandika hapa yale tuliyosema, hata yale yasiyotupendeza sisi wenyewe.

Nkambo alikuwa msichana mwaka 1960. Alimwona baba yake akivaa koti kwenda kuchagua, na mama yake akibaki kupika bukari, kwa sababu mwaka ule wanaume peke yao ndio walichagua. Wanawake waliingia mwaka 1967, na nyuma ya miaka michache kukabaki chama kimoja na jina moja la kuchagua. Kwa hiyo mwaka 2005, alipopewa karte ile ya kwanza, alikuwa mwenye miaka 60 na hakuwa bado amechagua kati ya watu wawili hata siku moja.

Sisi wa chama tulikuwa tukizunguka lopango kwa lopango wakati ule. Tulieleza wamama juu ya katiba, tukawaomba waseme ndiyo, na wakasema ndiyo, mwezi wa Desemba 2005. Tarehe 30 Julai 2006 tulikuwa kwenye mistari tangu saa kumi ya usiku, na viti vidogo na watoto mgongoni. Katanga yetu ilimpa Joseph Kabila kura nyingi sana. Hatufichi, wengi wetu tulikuwa ndani. Alituambia juu ya kazi tano kubwa: barabara, afya na masomo, maji na umeme, nyumba, na kazi. Tulizihesabu kwenye vidole, na kimoja kilikuwa na wino.

Wengine wanasema uchungu wetu ulianza pale maji yalipokosa kuja. Tunafikiri ulianza Januari 2011. Katika muda mfupi sana, wabunge walibadilisha katiba ile tuliyoipitisha kwa kura, na uchaguzi wa rais ukawa wa mara moja tu, bila mzunguko wa pili. Hakuna aliyerudi kutuuliza. Siku zile tulikuwa tunaandikisha wamama kwa karte ya pili, na hatukusema kitu. Tulifikiri ni mambo ya wakubwa.

Halafu mwaka 2016 ukapita bila uchaguzi. Ikawa 2017, tukachukua karte ya tatu. Desemba 2018 tukapiga kura kwa mashini, nkambo akifundishwa na mjukuu wake mahali pa kubonyeza. Maaskofu wakatoka na kusema kwamba yale waangalizi wao 40,000 waliyoona hayapatani na matokeo yaliyotangazwa. Na bado, Januari 2019, tulipoona rais mmoja akimkabizi mwingine kiti bila risasi, tulipiga vigelegele. Ilikuwa mara ya kwanza katika inchi yetu. Kuna waliolia, na mwenye kuandika sehemu hii ni mmoja wao.

Tuseme pia lile lililokuwa zuri. Mwezi wa Septemba 2019 masomo ya msingi ya Leta yalikuwa bure, kama artikle 43 inavyosema tangu 2006. Mama mmoja wa kwetu mwenye watoto sita aliwapeleka wote siku moja, hata msichana wa miaka 11 aliyekuwa akimsaidia sokoni. Mwaka ule darasa lake lilikuwa na watoto wanaokaa chini, mwalimu akipita katikati yao kama mtu anayevuka shamba la mihogo. Leo kwenye masomo yale wazazi wanaombwa tena feza ndogo ndogo, kila mwezi na jina jipya: chaki, mlinzi, karatasi za mtihani. Msichana anajua kusoma, hilo hawatalichukua. Lakini mdogo wake amerudi sokoni.

Kuna mambo mengine tungeweza kuandika. Sheria ya 2022 inasema listi ya wagombea yenye nusu wanawake hailipi dhamana. Mmoja wetu aliombwa jina lake liingie kwenye listi, na hakupewa hata picha moja ya kampeni. Tulimpigia makofi Judith Suminwa alipokuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu, mwaka 2024, na hatujuti. Sokoni, hata hivyo, kilo ya bunga haikujua habari hiyo. Na dada yetu aliyetoka Goma alinyamaza jioni yote. Masisi na Rutshuru hawakupiga kura 2023 kwa sababu ya vita. Goma yenyewe ilianguka mikononi mwa M23 Januari 2025, na mama yake angali kule. Mtu aulize nini kwake juu ya karte?

Alikuwa dada kijana, wa miaka 24, aliyesema lile lililotukata. Alingoja wakubwa wamalize, akaomba ruhusa, halafu akasema: "Mama zangu na yaya zangu, mnisamehe. Ni ninyi mliokuja kwetu kuniambia nijiandikishe. Mlisema kura ni sauti yangu. Mlitudanganya, ao ninyi pia mlidanganywa?"

Hakuna aliyejibu upesi. Mwishoni mama mwenyekiti alisema, na tunaandika kwa ruhusa yake, kwamba ni yote mawili. Kila uchaguzi ulipofika, wagombea walileta vitenge vyenye uso wao, sukari na chumvi. Chama kilipokea. Tuligawa kwa mistari mizuri, tukaimba, halafu jioni ile ile tukawafundisha wamama kwamba kura haina bei. Vitenge vile bado tunavaa. Kimoja kilikuwa jioni ile kimefunga mtoto mgongoni. Tulifundisha wamama kuchagua mtu. Namna ya kumrudia yule mtu nyuma ya miaka miwili na kumwuliza, hatukuifundisha, kwa sababu sisi wenyewe hatukuijua, na kwa sababu tulikwisha kula sukari yake.

Sasa kuna neno la katiba mpya. Mwezi wa Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais alisema kwamba katiba hii haipatani na hali ya inchi yetu, na kwamba ataweka tume ya kuiangalia. Kati yetu wako wanaokubali, na sababu zao si za kijinga. Mmoja alisema mikoa imeandikiwa kubaki na 40 kwa mia ya mapato, na kwamba kama sheria haifuatwi miaka yote hii, pengine imeandikwa vibaya. Mwingine alimjibu: "Kama bwana yako haleti posho nyumbani, utabadilisha cheti cha ndoa?" Tulicheka sana. Lakini hatukumaliza maneno hayo.

Tuliloona ni kwamba katika wamama 31 waliokuwa pale, ni watatu tu waliowahi kuishika katiba mkononi. Sisi wote tunaijua artikle 15. Kila Mkongomani anaijua: jisaidie mwenyewe, tafuta namna. Yule wa tatu, mwalimu, alifungua kitabu na kutusomea artikle 15 ya kweli. Inasema Leta inapaswa kuondoa jeuri ya ngono inayotumiwa kuvunja jamaa, ile tunayoisikia kule mashariki. Miaka karibu 20 tumefanya mzaha na namba ya artikle iliyoandikwa kwa ajili yetu sisi wanawake. Akasoma 48: haki ya nyumba, maji safi na umeme. Tulikuwa tunamsikiliza kwa mwangaza wa simu.

Kuna waliosema chama kiache kabisa maneno ya uchaguzi, kibaki na likelemba, ndoa na matanga. Tulipiga kura kwa kuinua mikono: 12 kuacha, 17 kuendelea, wawili hawakuinua. Nkambo alikuwa kati ya 12. Alisema amechoka, na hatukumbishia. Wale 17 walikubaliana hivi: chama hakitapokea tena kitenge, sukari wala chumvi ya mgombea yeyote; na kila mkutano, mbele ya likelemba, mwalimu atasoma artikle moja na kuieleza kwa Kiswahili. Siku ya Mungu inayokuja ni artikle 220, ile inayotaja mambo yasiyoweza kubadilishwa, kati yao hesabu na urefu wa mihula ya rais. Mkutano ni saa tisa, pale pale. Wenye miwani waje nayo.

Mama wa bunga bado anangoja karte nyingine. Feza ya mtoto wake ilitumwa tena, kwa simu ya mtunza feza wetu, naye akaitoa kwa karte yake. Ni ya 2023 pia. Jina bado linaonekana ukiishika kwenye jua.